Meseji mbili, ndugu mmoja

Saa kumi na mbili kasorobo za jioni, siku ya Jumatano, nyumbani kwetu Fuoni, Unguja, ziliingia meseji mbili, kila moja ikidai imetoka kwa mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam. Moja ilikuja kwenye grupu la familia la WhatsApp, kwa namba yake na picha yake ile ile ya kanzu ya Idi. Nyingine ilikuja kwenye kitochi cha mama, kwa namba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Ya kwanza niliiamini. Ya pili niliitangaza kuwa ya tapeli, mbele ya watu 19 waliomo grupuni. Mimi nasomesha Kiswahili, na katika ukoo wetu likija jambo la maandishi huletwa kwangu, kwa hiyo niliposema hakuna aliyebisha. Haikupita robo saa, mjomba akamtumia mwizi shilingi 150,000.

Kila ninayemhadithia hunikata kauli: “Si mngepiga simu tu?” Tulipiga. Iliita, ikakatwa, ikaja meseji: “Spika imekufa sisikii, niandikieni.” Nani asiye na ndugu mwenye simu ya spika mbovu? Linaloniuma ni jengine. Maandishi ya yule kijana nimeyasoma tangu alipokuwa akiandika kwa penseli na kufuta kwa mate. Ilikuwaje nikamkataa yeye, nikampokea mgeni?

Mtu mwenyewe na maandishi yake

Mdogo wangu ni fundi wa mafriji. Anaishi Mbagala, na huu ni mwaka wake wa kumi na sita huko. Grupuni tunamjua kabla ya kuangalia jina. Huanza na “Watu wangu” na nukta tatu, na humaliza kwa ile mikono ya dua, miwili kila siku, hajawahi kutia mmoja wala mitatu. Hapo katikati haandiki, anakatakata. Neno ambalo mtu mwengine angelimaliza kwa mstari mmoja yeye hulileta vipande vitano, kila kipande na mlio wake, mpaka simu zetu zinatetemeka kama zina homa. Hii hapa ni ya mwezi mmoja kabla ya mkasa, na sijagusa herufi:

Watu wangu...
Nshafika
Mvua huku usiseme
Mie nmekaa kwa fundi baiskeli nangoja ipungue
Mama kala? 🙏🙏

Kingine, hafupishi. Watoto wa grupuni wakiandika “xaxa” na “cjui”, yeye ndiye wa kwanza kuwasema: “Irabu mmempa nani?” Mtu akitazama “nshafika” na “nmekaa” anaweza kudhani ni ufupisho, lakini sivyo. Ndivyo yanavyotoka kinywani kwetu, ile “i” haisikiki, naye huandika anachokisikia.

Na jambo moja ambalo sikuwahi kulihesabu kama sehemu ya uandishi wa mtu: pesa haziandiki. Akibanwa hutuma salamu, hunyamaza, hungoja mtu amwitikie, kisha hupiga. Kwa mdomo husema ana shida gani na anataka kiasi gani. Miaka yote hiyo hakuna meseji yake hata moja ya kuomba pesa.

Jioni ile

Mdogo wangu alikaa dirishani kwenye daladala, kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, akimjibu mteja. Mkono ukaingia dirishani, simu ikaenda nao. Ilikuwa wazi, na hilo ndilo lililoleta balaa lote, kwa sababu mwizi hakupata simu peke yake, alipata na maongezi yetu ya miaka. Pesa zilizokuwa kwenye laini hakuweza kuzitoa bila namba ya siri, kwa hiyo akageukia watu. Akasoma. Lazima alisoma, na alisoma haraka.

Ndugu yangu alishuka, akakimbiza, ndara moja ikabaki barabarani, mtu hayupo. Sasa anahitaji kutupa habari. Ukiporwa simu siku hizi umeporwa na kichwa: namba ya mke wake haijui, yangu haijui. Anaijua moja tu kwa moyo, ya mama, iliyo vile vile tangu yeye hajaoa. Akamuomba fundi cherehani mmoja pale kituoni amuazime simu. Ilikuwa kitochi, kina kifurushi cha meseji lakini hakina salio la kupiga hata sekunde moja. Akaandika amesimama, mikono inamtetemeka, mwenye simu anamtazama:

A alkm mama. Cm nmeporwa mbagala. Wacmtumie m2 yyt pesa. Mie nko salama. Cm hii ya fundi nairejesha. Mwambie dada awajulishe wte

Ni herufi 128 ukihesabu na nafasi. SMS moja huchukua 160, na wengi wa rika letu bado tunaandika tukiwa na ukuta huo kichwani, hata pale ambapo haupo tena.

Karibu wakati huo huo, grupuni:

Watu wangu... Assalaam aleikum. Jamani leo nimeamka na mtihani, mtoto amerudishwa nyumbani shule wanadai ada na mimi hela yangu inaingia ijumaa inshaallah. Naombeni mwenye laki na nusu anisaidie nitarudisha. Laini yangu imegoma kupokea tumeni kwenye namba hii jina litakuja la wakala. Mama anaendeleaje na kikohozi? 🙏🙏

Nilivyopima, na nilivyokosea

Nitaeleza nilivyofikiri bila kujipaka mafuta. Niliiona ya grupuni, nikaona “Watu wangu” na nukta zake tatu, nikaona mikono miwili, nikaona kikohozi cha mama ambacho hakuna ajuaye nje ya nyumba. Sikusoma zaidi. Nilimuona mtu, sikuyaona maneno. Hili “jina litakuja la wakala” la matapeli limeshaimbwa Tanzania nzima mpaka watoto wanalichezea, na bado lilinipita, kwa sababu lilikuja limevaa kanzu ya ndugu yangu.

Nilipoletewa kitochi cha mama nilifanya kinyume. Hapo mtu sikumuona hata kidogo, niliona maneno tu. Namba ngeni. “Cm”, “m2”, “yyt”, “wte”, uchafu ule ule ambao yeye huwasema watoto. Nikawaza: ndugu yangu huyu? Yeye ambaye hakubali hata “vp” badala ya “vipi”? Na ule mwisho, “mwambie dada awajulishe”, niliuona ni ujanja wa tapeli anayetaka kututia hofu. Nikaandika grupuni: “Tahadhari, kuna mtu anatuma meseji kwa mama anajifanya ndiye. Msijibu.” Mjomba alinishukuru. Kisha akatuma pesa kule kulikokuwa na “ndugu wa kweli”.

Mama

Mama hasomi meseji. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anasubiri zamu ya kufanyiwa upasuaji. Meseji husomewa. Jioni ile aliyekuwa karibu naye ni mpwa wangu, yuko kidato cha pili, na hawa watoto wana kipaji ambacho sisi hatuna: wanasoma ufupisho kwa sauti bila kusita, kama mtu anayesoma Kurani aliyoihifadhi. Mimi nikiona “wacmtumie” husimama kwanza, nifasiri. Yeye aliona, na mdomo ukasema “wasimtumie”. Akasoma yote kwa mfululizo: Asalamu alekum mama, simu nmeporwa Mbagala, wasimtumie mtu yeyote pesa, mie nko salama...

“Mwanangu kaporwa,” mama akasema, akaanza kutafuta viatu kwa mguu, sijui alitaka kwenda wapi.

Nikamwambia huyo si yeye, huyo ni mwizi.

“Mwizi gani asemaye mie niko salama?”

Nikaeleza. Nikamwambia namba ngeni, nikamwambia hivyo sivyo anavyoandika. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza madaktari. Kisha akasema: “Hebu nisomeeni na hiyo nyengine.”

Mtoto akasoma ya grupuni. Hakumaliza. Kwenye “shule wanadai ada na mimi hela yangu” mama akainua mkono.

“Huyu nani?”

“Ndiye yeye, mama. Na picha yake hii hapa.”

“Siulizi picha.”

Tukapiga ile namba ngeni. Akapokea mtu mzima, sauti ya pole, cherehani inasikika nyuma. Akasema jamaa keshaondoka, kaenda kwa miguu, tena na ndara moja, na akatuuliza kama kafika salama. Kwenye saa mbili usiku mdogo wangu akapiga kwa simu ya mkewe.

Masikio yalisikia nini

Siku chache baadaye nilikaa na meseji zile mbili kama ninavyokaa na insha za wanafunzi, kalamu mkononi, nikijaribu kujua mama alipata wapi jibu ambalo mimi sikulipata. Jibu la kwanza limo katika kule kusomewa kwenyewe. Meseji ikisomwa kwa sauti, tahajia inakufa. “Cm” inakuwa simu, “yyt” inakuwa yeyote, herufi kubwa na ndogo hazisikiki, nukta tatu hazina mlio, na mikono miwili ya dua mtoto hata haitaji. Yaani vitu vyote ambavyo mimi nilivitegemea kumjua ndugu yangu vilibaki kwenye kioo cha simu, na kilichofika masikioni mwa mama kilikuwa mazungumzo matupu. Tena kila kilichonifanya nimkatae kilipotea njia hiyo hiyo. Mama hakujua kabisa kwamba meseji ya kitochi imeandikwa vibaya.

Sasa tazama mazungumzo hayo. Ya grupuni ina “shule”. Kwetu ni skuli. Ina “hela”, na kwa mama yetu hazijawahi kuwa hela, ni pesa. Ina “mtoto amerudishwa”, wakati ndugu yangu akiongea na nyumbani husema karudishwa, kaja, kala, kama kwenye ile meseji ya mvua. Ina “naombeni”, neno la bara lililonyooka kabisa. Na ina “mimi”.

Ya kitochi ina “mie”.

Hilo la “mie” ndilo lililonikalisha usiku. Mtu ye yote wa Unguja husema mie, kwa hiyo neno lenyewe halimtaji mtu. Lakini fikiria alivyoliandika. Kwenye kitochi kila herufi ina bei, nayo hulipwa kwa kidole. Herufi “s” imo kwenye kitufe cha 7, nyuma ya p, q na r, kwa hiyo unabonyeza mara nne; “i” ni mara tatu kwenye 4. Kuandika “simu” kwa ukamilifu ni kubonyeza mara kumi, na “cm” ni mara nne tu. Ndiyo maana mtu asiyefupisha alifupisha: simu si yake, mwenyewe anangoja, mikono haitulii. Kila alipoweza kubana alibana. Sasa “mm”, ambayo kila mtu huiandika kwa maana ya mimi, ingemgharimu kubonyeza mara mbili tu. “Mie” ni mara sita. Alilipa sita. Katikati ya hofu ile, akibana irabu ambazo mwenyewe huzitetea, neno la kujitaja hakulibana. Sidhani kama alijua. Nilipomuuliza alinitazama kama niliyemuuliza anapumua kwa pua gani.

(Hesabu hii ya vitufe ilinifunza na jengine, naliandika hapa kwa faida ya walimu wenzangu. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba “xaxa” ni mapambo ya kijinga, maana herufi ni nne kama “sasa”. Kwenye simu kubwa ni kweli. Kwenye kitochi “sasa” ni mara kumi na “xaxa” ni mara sita, kwa sababu “x” iko ya pili kwenye kitufe chake. Aliyeianza hakuwa mjinga, alikuwa na vidole vilivyochoka. Waliokuja nyuma wamerithi vazi bila kuujua ule ubaridi uliolifanya lishonwe. Na hiyo “m2”: inasomeka kwa sababu tu tarakimu ile tunaiita kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingekuwa m-mbili, na meseji ingekuwa kitendawili.)

Mwizi naye

Yafaa kumpa haki yake. Aliiga vizuri. Katika dakika chache alitambua kinachomtofautisha ndugu yangu na watu wengine grupuni, salamu yake, nukta zake, mikono yake, na akapata na kikohozi cha mama cha kuikolezea chumvi. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama nzuri. Lakini aliiga yale yanayoonekana kwa sababu yanaonekana. “Watu wangu” ni kama kofia, mtu huivaa akijua kavaa, na mwengine anaweza kuivua akaivaa. “Mie”, “kala”, “skuli” havivaliwi. Ndivyo mtu alivyo kabla ya kuvaa.

Alikosa na jambo la mwendo. Alileta kila kitu katika pande moja la meseji, salamu, shida, kiasi, namba, na habari za mama mwishoni. Ndugu yangu angetuma vipande vitano. Hili mimi, niliyezoea kupata homa ya milio yake, lilipaswa kunigutusha kabla ya kitu chochote: simu ililia mara moja tu.

Kilichonishughulisha zaidi ni alikopata zile “hela” na “shule”. Rahisi ni kusema aliandika kama anavyosema mwenyewe. Huenda. Lakini ndugu yangu baada ya kupata simu mpya alinionyesha maongezi yake na wateja wa Mbagala, na nilishtuka. Humo ni mtu mwengine. “Mimi nitafika saa nne kaka.” “Hela ya gesi utatanguliza.” Na kwa mwalimu wa mwanawe: “Nitapita shule kesho.” Sentensi nzima, nukta mwishoni, haikukatwa hata mara moja. Miaka kumi na sita imemfundisha ulimi wa pili, naye huuvua kila anapofungua grupu la nyumbani, bila kujua anavua. Dhana yangu, na ni dhana tu, ni kwamba mwizi alipitia maongezi mengi kwa haraka, akachukua kofia kutoka grupu la familia na maneno kutoka kwa wateja. Kama ni hivyo, basi kila kitu alichoandika kilikuwa cha ndugu yangu kweli. Alikosea chumba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kila mtu ana mwandiko wake wa simu kama alama za vidole. Alama ya kidole ni ile ile ukimshika mamako mkono au ukimshika askari. Maandishi ya ndugu yangu nimeyaona matatu sasa: ya nyumbani, ya wateja, na yale ya kitochi cha fundi. Ukimpa mtu asiyemjua hayo matatu atakuambia ni watu watatu. Simu aliyoishika, anayeandikiwa, haraka aliyonayo, vyote vinaandika pamoja naye.

Kisa cha Waingereza

Mambo haya yameshafika mahakamani kwa uzito mkubwa kuliko laki na nusu. Mwaka 2005 huko Yorkshire ya Kaskazini, Uingereza, msichana wa miaka 19 alipotea. Baada ya kupotea simu yake iliendelea kutuma meseji kwa jamaa zake, kana kwamba yu hai na kaamua tu kuondoka. Mtaalamu wa lugha, Malcolm Coulthard, alizilinganisha meseji hizo na zile alizoandika msichana mwenyewe zamani, kisha na maandishi ya mwanamume aliyeshukiwa. Mojawapo ya vitu vilivyojitokeza ni kwamba msichana alikuwa akiandika “my” na “myself”, na zile za baadaye zilikuwa na “me” na “meself”, kama wanavyotamka watu wengi wa kaskazini kule. Mwaka 2008 mwanamume yule alitiwa hatiani kwa mauaji. Si kwa lugha peke yake, ushahidi mwengine ulikuwepo.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Neno lile lile. Mtu kajificha ndani ya simu ya mwenziwe, kaiga ufupisho wake, na kaanguka pale pale alipolazimika kujitaja. Wao ni “me”, sisi ni “mie”, na bahari yote hiyo katikati.

Lakini Coulthard alikuwa na rundo la meseji za kulinganisha, na muda. Sisi tulikuwa na meseji moja dhidi ya moja na magharibi inaingia. Kama mama angeniuliza siku ile nimpe sababu, na kama ningeziorodhesha zote nilizoandika hapa, bado ningesema hazitoshi. Mtu wa Unguja anaweza kuwa mwizi Mbagala, na angeandika “mie” bila shida. Kilichozidi uzito ni kile kilichokuwamo katika swali la mama la mwanzo, la mwizi gani asemaye yu salama, nami nikakipita: ile meseji ya kitochi haikuomba kitu. Hata nauli. Hata “nipigieni”. Mtu aliyeporwa simu, mguu mmoja chini, na alichotaka ni tusipoteze pesa zetu.

Yaliyobaki

Asubuhi yake alikwenda kurudisha laini, kwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na kidole, na alipoifungua WhatsApp kwenye simu ya kuazima ile ya mwizi ikatolewa. Kati ya Jumatano jioni na hapo, mwizi alikuwa ameshawaandikia watu wengine wawili, wateja, kwa lugha safi kabisa ya wateja. Mmoja alikaribia kutuma. Mjomba aliipeleka ile namba ya “wakala” kwenye 15040 kama inavyoelekezwa kwa meseji za utapeli. Pesa zilikuwa zimeshatolewa. Nilimwambia mjomba nitamlipa mimi, kwa kuwa ni kauli yangu iliyomtuma. Alikataa, kisha akakubali nusu, na tumo katika kulipana.

Grupuni niliandika kuomba radhi. Niliandika meseji ndefu, yenye aya, nukta na mkato mahali pake. Mpwa wangu aliniambia baadaye kwamba aliisoma mara mbili kuhakikisha ni mimi.

Simu mpya ya ndugu yangu ina tabia ya kusahihisha. Kila akiandika “mie” inampendekezea neno jengine, naye kila mara anarudi kulirekebisha, kwa hiyo siku hizi vipande vyake vinachelewa kidogo. Na kuna kitu kimoja kimepotea. Tangu jioni ile hajaandika tena “Watu wangu”. Nilimuuliza, akasema halimjii tu. Akiingia grupuni hutuma salamu tupu, kisha kimya, na sisi tunasikia simu imelia mara moja tunaangaliana, tunangoja kipande cha pili.